Namba 1970169159 iliyonifunga mdomo

Wiki hii msomaji kaniandikia: "Kaka, nimechomeka asembli (amri za prosesa zenyewe) ndani ya C. Kawaida inakwenda vizuri, nikiweka -O2 inachizika. GCC ni mbovu?" Nikacheka. Halafu nikakumbuka yangu, kicheko kikakata.

GCC, kompaila yetu ya C, haina kosa, mdogo wangu; -O2 ni swichi ya kuiambia iipe kodi kasi. Hata mimi niliisingizia.

Kazini nilipewa fanksheni niiongezee kasi. Ili kuipima nikaandika mzunguko wa raundi 1000, na ndani yake asembli fupi: eax (rejista, yaani kisanduku kidogo cha namba ndani ya prosesa) iwe sifuri, cpuid (amri ya kuiuliza prosesa habari zake), kisha rdtsc. Rdtsc husoma kihesabio cha muda cha prosesa. Cpuid hutangulia ili amri za nyuma ziishe kwanza. Kompaila nikaiambia majibu yatatoka eax na edx, basi. Nikajumlisha, nikagawanya kwa 1000. Kasi ya ajabu! Nikaitangaza mbele ya timu nzima, kifua mbele, na grafu juu.

Mkongwe mmoja akauliza tu, "Zimekwenda raundi ngapi?" Sikujua. Akafungua gdb, kifaa cha kuchungulia programu inapokwenda, palepale, projekta inawaka. Rbx (ebx ile ile, kwa upana wake wote): 1970169159. Kwa heksa (namba za msingi wa 16), 756e6547. Akazisoma baiti kuanzia nyuma, kila moja herufi: G, e, n, u. Mwanzo wa "GenuineIntel", jina ambalo cpuid ikiulizwa sifuri kwenye prosesa za Intel hulimwaga katika ebx, edx na ecx. Na kwa -O2, GCC ilikuwa imeihifadhi kaunta yangu ya raundi humo humo ebx. Raundi ya kwanza tu kaunta ikaruka hadi bilioni na ushee, mzunguko ukaishia hapo. Raundi moja nimeigawanya kwa 1000! Bila -O2 kaunta hukaa kwenye kumbukumbu, ndiyo maana ugonjwa ulijificha. Kuna mwenzangu huniita Genu mpaka leo. Sijamsamehe.

Sasa sikilizeni. GCC haielewi amri zako za asembli, inazipachika tu kama zilivyo na kuamini ulichotangaza. Baada ya amri kuna sehemu tatu zinazotengwa kwa nukta mbili: vinavyotoka, vinavyoingia, vinavyoharibika. Katika ya tatu tangaza kila rejista unayoichafua. Ukigusa kumbukumbu kwa siri, andika "memory". Tangazeni, jamani! Mnanakili asembli ya watu ili muonekane mabingwa, sehemu ya tatu mnaiona mapambo. Na kama shida yako ni rdtsc tu, __rdtsc() imo tayari ndani ya x86intrin.h. Acha ushujaa.

Kodi ya C uliyoniletea nimeisoma, mdogo wangu. Cpuid ipo, sehemu ya tatu tupu. Weka "rbx" na "rcx", uniandikie tena.