Maswali na Majibu: Holašovice, kijiji kilichonusurika kwa mikosi yake

Safu iliyopita nilikitaja kwa kupita tu kijiji cha Holašovice, kusini mwa Jamhuri ya Czech, ambacho UNESCO ilikiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1998. Barua zilizokuja kuhusu kijiji hicho zimezidi zile za mada yenyewe. Haya, tuzijibu.

Inakuwaje kijiji cha wakulima kiwe orodha moja na Mji Mkongwe wa Zanzibar? Na kiko wapi hasa? (Msomaji, Dodoma)

Tena kiliutangulia! Mji Mkongwe uliingia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001.

Ukitoka Prague ukashuka kusini kama kilomita 150, unafika České Budějovice, mji unaojulikana duniani kwa bia. Holašovice iko magharibi ya mji huo, umbali wa kilomita 15 hivi. Ardhi ni tambarare, ya mashamba na mabwawa, na upande wa kusini inapanda vilima vya msitu wa Blanský les, ambako kilele cha Kleť kina urefu wa mita 1,084. Mabwawa hayo usidhani ni ya asili. Mengi yalichimbwa na watu karne ya 15 na ya 16 kwa ajili ya kufuga samaki aina ya karapu. Mpaka leo hufunguliwa maji kila msimu wa majani kupukutika, samaki wakavuliwa, na Krismasi ya Wacheki bila karapu mezani haijakamilika.

Kijiji chenyewe kina wakazi kama 140. UNESCO hawakuvutiwa na ukubwa, walivutiwa na mpangilio. Katikati kuna uwanja wa nyasi wa mstatili, una urefu wa mita 210 na upana wa mita 70, pamoja na bwawa dogo na kikanisa. Kaya 23 za wakulima zimeuzunguka, zote zikiutazama. Nyuma ya kila nyumba kuna ua, kisha bustani, kisha shamba lililonyooka kama utepe. Mpangilio huo ni wa Zama za Kati, na hakuna aliyeuvuruga. Kijiji kinatajwa kwenye maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1263, miaka miwili kabla mfalme Přemysl Otakar II hajaanzisha mji wa České Budějovice. Yaani shamba ni kubwa kiumri kuliko mji.

Nimeona picha. Nyumba zina sura ya makanisa madogo, zimerembwa kama keki! Mkulima gani alikuwa na pesa ya kumlipa msanifu? (Msomaji, Mombasa)

Hakuna msanifu. Ni mafundi waashi wa vijijini waliokwenda mjini, wakaona mapambo ya makanisa na majumba ya mabwana, wakarudi kuyaiga kwa lipu na chokaa. Wacheki wanaita mtindo huo baroko ya wakulima; baroko ni ule mtindo wa makanisa na majumba ya Ulaya wenye mapambo mengi. Nyumba nyingi zilipata sura zilizo nazo leo kati ya nusu ya pili ya karne ya 18 na karne ya 19.

Anza na kinachoonekana kutoka uwanjani. Kila kaya ina majengo mawili yaliyosimama sambamba, kila moja limeelekeza uwanjani ile pembetatu ya ukuta inayobeba paa. Hapo ndipo fundi alipomalizia ufundi wake wote: mikunjo, maua ya lipu, na mara nyingi mwaka wa ujenzi umeandikwa juu. Kati ya majengo hayo kuna ukuta wenye lango la tao, pana kiasi cha kupitisha mkokoteni wa nyasi, na kando yake kijilango cha watu. Ukiingia unakuta zizi ubavuni na ghala kubwa la mavuno nyuma.

Kwa nini majengo mawili mbele? Moja ni la familia inayolima. La pili, kwa kaya nyingi, lilikuwa na ghala la nafaka pamoja na makao ya wazee. Baba na mama wakichoka kulima walimkabidhi mtoto mmoja shamba lote, wakahamia chumba cha ng'ambo ya ua. Na hawakuachia mambo kwenye mapenzi ya mwana na mkwe! Iliandikwa hati: wazee watapewa nafaka kiasi hiki, maziwa kiasi hiki, na kuni. Binafsi naona hati hiyo ina akili kuliko mapambo yote ya ukutani.

Pesa zilitoka shambani. Mwaka 1781 Kaisari Joseph II wa Austria, aliyetawala pia nchi ya Wacheki, aliondoa utumwa uliomfunga mkulima kwa bwana wake, na mwaka 1848 kazi ya lazima kwenye mashamba ya mabwana ikafutwa kabisa. Mtu akishakuwa na chake, kitu cha kwanza anachotaka jirani akione ni mbele ya nyumba yake.

Ni kweli kijiji kizima kilikufa kwa tauni wakabaki watu wawili? (Msomaji, Kisumu)

Ndivyo historia ya kijiji inavyosema: tauni iliingia kati ya mwaka 1520 na 1525, wakabaki wawili tu. Nje kidogo ya kijiji kuna nguzo ya kuwakumbuka waliokufa.

Tangu mwaka 1292 kijiji kilikuwa mali ya abasia ya Vyšší Brod, monasteri ya Wasistersiani, shirika la watawa wa Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1259 karibu na mpaka wa Austria. Mfalme Václav II ndiye aliyewapa. Sasa watawa wakawa na ardhi nzuri isiyo na wa kuilima, na ardhi isiyolimwa haitoi kodi. Wakaleta walowezi kutoka Bavaria na Austria, watu wanaosema Kijerumani, wakawagawia viwanja vilevile vya marehemu. Kufa kufaana. Ndiyo maana ramani haikubadilika ingawa watu walibadilika karibu wote.

Kwa hiyo hicho "kijiji halisi cha Kicheki" kilijengwa na Wajerumani? (Msomaji, Bujumbura)

Umegusa penyewe. Vipeperushi vya utalii huliruka hilo. Mwaka 1895 kijiji kilikuwa na Wajerumani 157 na Wacheki 19, huku vijiji vingi vya jirani vikisema Kicheki. Nyumba zile zinazopigwa picha ni za babu zao hao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Chekoslovakia iliwafukuza Wajerumani wake, jumla yao kama milioni 3. Wa Holašovice nao waliondoka, mwenye kosa na asiye na kosa, na nyumba nyingi zikabaki tupu. Februari 1948 Wakomunisti wakashika dola, mashamba yakaunganishwa kuwa ya ushirika. Kwingineko nchini wanakijiji walibomoa nyumba za zamani, wakaweka madirisha mapana na kuta za saruji za kijivu. Holašovice hapakuwa na wengi wa kubomoa wala kujenga. Lipu ilimomonyoka na vigae vikaanguka, lakini mfupa ukabaki. Ukarabati ulishika kasi baada ya mwaka 1990, utawala ule ulipokwisha kuanguka.

Mtu asinisome vibaya: sisemi kufukuzwa kwa watu kulikuwa na heri. Ninasema tu kwamba uzuri huo tunaousifu una bei, na waliolipa hawakuulizwa.

Kikanisa cha uwanjani ni cha mtakatifu gani? (Msomaji, Songea)

Yohane wa Nepomuk. Kilijengwa mwaka 1755. Yohane huyo alikuwa padri aliyetupwa mtoni Vltava, Prague, mwaka 1393 kwa amri ya mfalme Václav IV, akatangazwa mtakatifu mwaka 1729. Wacheki humwomba dhidi ya mafuriko. Ukiona sanamu ya padri mwenye nyota tano kuzunguka kichwa, ni yeye.

Na yale mawe makubwa yaliyosimama kwenye duara kando ya kijiji, ni ya kale za kale? (Msomaji, Arusha)

Ni ya mwaka 2008. Wenyeji wenyewe waliyasimamisha.

Mimi niko Ujerumani, nataka kwenda na watoto. Lini, na tutaona nini? (Msomaji, Hamburg)

Inategemea unapenda nini. Mwezi Julai kuna sherehe za wakulima: uwanja wote hujaa vibanda, wahunzi, wafinyanzi na wasusi wa vikapu wanaofanya kazi mbele yako, na watoto hawatachoka. Lakini utaona migongo ya watu kuliko nyumba. Kwa nyumba nenda siku ya kazi, mwezi Mei au Septemba, asubuhi au alasiri jua likiwa limelala ubavu, mapambo ya lipu yaweze kutupa kivuli.

Pia waambie watoto mapema kwamba humo wanaishi watu. Lango lililofungwa usilisukume. Iko nyumba iliyotengwa kuonyesha zana za kilimo za zamani, ingieni hiyo. Kwa malazi, České Budějovice ina hoteli za kila bei.