Kuingia kwenye seva kutoka Lamu bila kuchapa paswedi kila mara

Kompyuta yangu ni ya mezani, iko chumba cha juu huku Langoni. Seva ninazozitunza ziko Ulaya: tovuti za nyumba za wageni za Shela na mfumo mdogo wa hesabu wa duka moja la Mokowe. Vijana wanaoanza kazi hii hapa Amu huniuliza wanunue mashine gani. Mimi huwaambia watulize pesa kwanza, wapange SSH yao, yaani njia ya siri ya kuingia kwenye seva ya mbali na kuiamuru, maana kazi yote hupitia hapo.

SSH ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya mtu kunasa paswedi zilizokuwa zikipita waziwazi kwenye mtandao wa chuo. Leo wengi tunatumia OpenSSH, iliyoanza 1999. Linux na Mac zinayo, na Windows 10 inayo tangu 2018, kwa hiyo usimalize bando kushusha programu nyingine.

Anza na ufunguo. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

ssh-keygen -t ed25519

Utapata faili mbili. Ile yenye .pub ni kama kufuli: ipeleke kwenye kila seva, haina siri. Ile nyingine ndiyo ufunguo wenyewe, na haitoki kwenye kompyuta yako, si kwa imeli wala WhatsApp, hata bosi akiiomba. Ukiulizwa kaulisiri, yaani neno la kuufunga ufunguo huo, usibonyeze Enter ukapita. Kompyuta ya mezani hukaa nyumbani, na nyumba zetu haziishi wageni. Usumbufu wa kuichapa huondolewa na ssh-agent, programu inayokushikia ufunguo ukishafunguliwa: unaandika ssh-add mara moja asubuhi, basi.

Kufuli hupelekwa kwa ssh-copy-id jina@anwani. Kwenye Windows amri hiyo haipo, kwa hiyo nakili mstari ulio ndani ya faili ya .pub uubandike kwenye authorized_keys, ndani ya folda .ssh kule kwenye seva. Ukikataliwa, tazama ruhusa kule kwenye seva (nani anaweza kusoma na kuandika) kabla ya kulaumu mtandao: folda .ssh iwe 700, faili ya authorized_keys iwe 600, kwa amri ya chmod.

Raha yenyewe iko kwenye faili inayoitwa config, ndani ya .ssh ya kompyuta yako (anwani na jina hapa ni mfano, weka yako):

Host duka
    HostName 203.0.113.10
    User amina
    IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519
    ServerAliveInterval 30

Tangu hapo unaandika ssh duka, umeingia. Hata scp, amri ya kunakili faili, inalijua jina hilo. Mwenye seva nyingi aziandike zote humo, kila moja na jina lake fupi. Kukariri namba za anwani ni kujichosha bure. Mstari wa mwisho hutuma ishara ndogo kila sekunde 30, ili laini isikatwe kwa sababu tu umenyamaza ukisoma.

Lakini ishara haizuii stima kupotea, na kompyuta ya mezani haina betri. Ikizima katikati ya kazi, kazi nayo hufa. Ndiyo maana, kwa mtu wa huku kwetu, tmux, programu inayoshikilia kazi yako kwenye seva hata ukikatika, naiona muhimu kuliko hayo mengine yote. Ukishaingia kwenye seva andika:

tmux new -A -s kazi

Kazi sasa inaendeshwa kule kule. Stima ikirudi, unaingia tena, unaandika amri ile ile, na unaikuta inaendelea au imeshakwisha. Kunakili hifadhidata kubwa bila tmux ni kamari.

Ufunguo ukishakubali, zima paswedi kwenye seva: PasswordAuthentication no ndani ya sshd_config, faili ya mipangilio ya SSH kule kwenye seva, kisha uiwashe huduma ya SSH upya. Dirisha ulilomo usilifunge. Fungua la pili, ujaribu kuingia. Likikataa, la kwanza bado litakuokoa.

Iko pia mosh, programu nyingine ya kuingilia kwenye seva, ya mwaka 2012, ambayo huvumilia mtandao unaopotea na kurudi, na hukuonyesha herufi papo hapo badala ya kuingoja iende Ulaya irudi. Ila inahitaji kuwekwa kwenye seva pia, na poti za UDP (milango ya mtandao kwenye seva) kuanzia 60000 hadi 61000 ziwe wazi. Mimi huitumia kwenye laptopu nikiwa gatini Mokowe, ninapoomba mtandao wa simu. Mezani ssh na tmux zinanitosha.