Mikanda ya nyonga na joto la Lamu

Dada yangu, umeuliza utamtunzaje mwanao wa wiki 7 aliyevishwa mikanda ya Pavlik (ile inayoshika miguu ikiwa imekunjwa na kupanuliwa kama chura, ili nyonga isiyokaa sawa itulie mahali pake), huku bibi yake hapo mtaa wa Langoni anataka kumkanda na kumnyoosha miguu. Mkatalie bibi, kwa adabu lakini usilegee. Miguu ikinyooshwa na kufungwa pamoja, kichwa cha mfupa wa paja huweza kutoka kwenye kikombe chake cha nyonga. Ule mkao wa chura unaomtia huruma bibi ndio dawa yenyewe.

Joto ndilo mtihani. Mvishe fulana nyepesi ya pamba na soksi ndefu chini ya mikanda. Nepi nayo ikae chini yake. Poda na mafuta weka mbali. Chungulia kila siku nyuma ya magoti, mapajani na shingoni, maana jasho likituama ngozi huchubuka. Kama daktari hakuruhusu kuivua, mpanguse kwa kitambaa cha maji. (Wangu aliivaa wiki 12. Harufu utaizoea!) Ukibadilisha nepi usimwinue kwa miguu, tia mkono chini ya makalio.

Kwa leso, mbebe kifuani akutazame, miguu ikupande huku na huku. Alale chali.

Kamba za mikanda usizikaze wala kuzilegeza mwenyewe. Mtoto hukua upesi, kwa hiyo usikose kliniki hata kama boti inakuchosha. Na ukiona ameacha kurusha mguu mmoja, mpeleke siku hiyohiyo.