Botulinumu kwenye misuli ya tumbo: ncha ya sindano iishie wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni daktari wa usingizi hapa Moshi. Ganzi ya ukuta wa tumbo, ile ya TAP inayomwagwa kati ya tabaka mbili za ndani za misuli, nimeizoea sana kwa akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Sasa daktari wa upasuaji ana mama kutoka Arusha mwenye henia kubwa ya kovu, yaani tumbo limetokeza palipopasuliwa zamani, na ameniomba nimchome sumu ya botulinumu ili misuli ilegee kabla ya kulifunga tumbo. Je, niimwage palepale ninapomwaga ganzi, maana neva ndipo zilipo?

Jibu: Marahaba. Hapana, usiimwage hapo, ingawa naelewa kwa nini mkono utakuvuta huko.

Ganzi inaikamata neva ikiwa njiani. Botulinumu kazi yake iko mwisho wa safari, pale ncha ya neva inapokutana na msuli: inaingia kwenye ncha hiyo, inakata protini iitwayo SNAP-25, na asetilikolini, kemikali inayouamrisha msuli ukaze, haitoki tena. Kwa hiyo dawa inatakiwa ndani ya nyama ya msuli wenyewe. Ukiiacha kati ya obliki ya ndani na transvesasi, ile misuli miwili ya ndani kati ya mitatu ya ubavuni, unategemea ijipenyeze yenyewe kupita fashia, yaani utando unaofunika msuli, na dawa ya bei ile haifai kubahatishwa.

Kwenye ultrasaundi utofauti unauona mwenyewe. Ukiwa kwenye tabaka la TAP, ule mstari mweupe unapasuka na dimbwi jeusi linatanuka katikati. Ukiwa ndani ya msuli, hakuna kinachopasuka. Msuli unavimba taratibu na nyuzi zake zinafifia. Ukiona dimbwi, simama, rudisha sindano kidogo.

Neva zina faida nyingine: zinakuonyesha uchome sehemu ngapi. Neva za uti wa mgongo T7 hadi T12 pamoja na L1 zinashuka kwa mshazari, kila moja na ukanda wake; T10 inaishia usawa wa kitovu, T12 na L1 zinahudumia chini. Ukichoma sehemu moja tu, hata kwa dozi kubwa, kanda nyingine zitabaki zinavuta. Ndiyo maana wengi wanachoma sehemu tatu kila upande, kati ya mstari wa mbele wa kwapa na ule wa katikati yake: chini ya mbavu, katikati, na juu kidogo ya mfupa wa nyonga. Kila sehemu unaanza na transvesasi chini kabisa, unarudi juu hadi obliki ya ndani, kisha ya nje. Rektasi, msuli wa katikati ya tumbo, iache, maana wanaovuta kingo za henia kwenda pembeni ni hawa watatu.

Kuhusu transvesasi, wapo wanaoiruka ili mgonjwa abaki na nguvu ya kiwiliwili. Mimi naona hoja hiyo ina uzito kwa mwenye kifua kibovu, kwa sababu kukohoa kunategemea misuli hii hii. Huyo mama muulize pumu na kikohozi cha muda mrefu kabla hujafungua chupa. Muulize pia kuhusu mayasthenia (ugonjwa wa misuli kulegea) na ujauzito, na angalia kama anachomwa antibayotiki ya gentamisini, maana inaongeza ulegevu.

Dozi inayotumika sana ni yuniti 200 hadi 300 kwa jumla, pande zote mbili, zikiwa zimezimuliwa kwa maji ya chumvi. Hizo ni yuniti za Botox. Mkiletewa Dysport, botulinumu ya chapa nyingine, hesabu hiyo haifai hata kidogo. Yuniti zao hazibadilishani. Na mgonjwa aelezwe kwamba matumizi haya hayamo kwenye maelekezo ya kawaida ya dawa, asaini akijua.

Jambo la mwisho ni kalenda. Ulegevu unaanza baada ya siku chache, unafika kileleni kati ya wiki ya pili na ya nne, kisha unaisha polepole kwa miezi kadhaa. Mwambie daktari wa upasuaji akupe kwanza tarehe ya uhakika ya kuingia chumba cha upasuaji, halafu mhesabu wiki nne kurudi nyuma. Kama hana tarehe, chupa ibaki kwenye friji.