Zikitoka Getini Bado ni Zako: Majibu Kuhusu Taka Hatari za Viwandani

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa stoo, mafundi na majirani wa viwanda. Mameneja hawakuandika, ingawa nusu ya majibu haya yanawahusu wao.

Kiwanda chetu cha rangi kina mapipa ya thina iliyotumika, yamejaa nyuma ya stoo. Amekuja jamaa mwenye lori, bei yake nusu ya mwanakandarasi tuliyemzoea, na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, anayo, nimeiona kwa macho yangu. Tusaini? (Msimamizi wa stoo, Athi River)

Umeiona, lakini je, umeisoma? Leseni ya kusafirisha taka inaruhusu kusafirisha, basi. Haimpi ruhusa ya kuzihifadhi, kuzichoma wala kuzichakata. Muulize anazipeleka wapi, kisha aonyeshe leseni ya huko anakozipeleka, na uhakikishe taka za aina yako zimetajwa humo. Wengi hukwama kwenye swali hili la pili. Hapo ndipo utajua bei ya nusu imetoka wapi: kuna watu wanaomwaga shehena bondeni usiku na kuyauza mapipa matupu. Na pipa la thina likishafika sokoni, kuna mama atakayelinunua awekee maji ya kunywa. Kwa hiyo pipa usilotaka litumike tena, litoboe.

Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 zilileta fomu ya kufuatilia taka. Anayetoa taka hujaza, dereva hujaza, anayepokea hujaza, na nakala moja inapaswa kurudi kwako ikiwa na sahihi ya mpokeaji. Fomu isiporudi, hesabu kwamba mzigo haukufika, uanze kupiga simu. Mkaguzi akizikuta taka zenye lebo ya kiwanda chenu mtoni, hatamtafuta mwenye lori kwanza.

Ila kabla ya kusaini na yeyote, mwulize meneja kama lazima thina hiyo itupwe. Kuna mitambo inayoichemsha thina chafu na kuupoza mvuke wake uwe thina tena. Kinachobaki ni matope ya rangi, ambayo nayo ni taka hatari, lakini ni kidogo mno kuliko mlichonacho sasa.

Oili chafu ya magari twawapa watu wapake mbao na wamwagie vumbi uani. Kuna ubaya? (Fundi, Changamwe)

Upo. Oili iliyopita kwenye injini imebeba chembe za vyuma na masizi yenye kemikali za kusababisha saratani. Ya kuzuia vumbi ndiyo mbaya zaidi, maana mvua ya kwanza huisukuma kuelekea visimani, na Mombasa tunavitegemea visima. Iweke kwenye dramu yenye kifuniko, juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo, na usiichanganye na petroli wala thina. Ikiwa safi hivyo, mkusanyaji mwenye leseni huenda hata akakulipa. Ukishaichanganya, wewe ndiwe utakayemlipa.

Karibu na nyumba zetu kuna kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Moshi unatuwasha, watoto wanakohoa. Tukilalamika twaambiwa tulete ushahidi kwamba tumeumia. Tufanye nini? (Wakazi, Pwani)

Kwanza, anayewadai ushahidi wa madhara ndipo awasikilize hajasoma Katiba ya 2010. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama kiafya. Ibara ya 70 inawaruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, na inasema wazi kwamba mlalamishi halazimiki kuonyesha kuwa kuna aliyepata hasara au kuumia.

Pili, mna jirani wa kujifunza kwake: Owino Uhuru, kule Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi hapo mwaka 2007, na kufikia 2014 kilikuwa kimefungwa. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake ana sumu ya risasi, ile metali ya ndani ya betri, mwilini, akawakusanya wakazi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na NEMA yenyewe ikawa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu ya fidia mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Leseni ya serikali, kama mnavyoona, haikumkinga aliyeitoa wala aliyepewa.

Lakini hesabuni miaka hiyo. Mtoto hawezi kuingoja mahakama, kwa sababu risasi huharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kilicho salama. Ombeni hospitali kipimo cha risasi katika damu. Majibu ya mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi yanataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Nyumbani, pigeni deki kwa maji badala ya kufagia vumbi, watoto wanawe mikono kabla ya kula, na anayefanya kazi kiwandani humo asirudi na nguo za kazi. Malalamiko yapelekeni kwa maandishi, yagongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe.

Tunasafisha vyuma kwa asidi kabla ya kuvichovya kwenye zinki. Asidi ikichoka tunaizimua kwa maji mengi na kuifungulia mtaroni. Msimamizi asema maji huua sumu. (Mfanyakazi, Nairobi)

Hayaui, yanaitawanya tu. Asidi hiyo imeyeyusha chuma na zinki, na vyote vitakwenda mtoni hata mkiongeza matangi kumi ya maji. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka maji yanayomwagwa kwenye mito yawe na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, kati ya 6.5 na 8.5. Njia ya kweli ni chokaa, kidogo kidogo huku mkipima, mpaka vyuma vitue chini kama matope. Matope hayo yaondoke kama taka hatari. Mchanganyiko huo huchemka, kwa hiyo vaeni miwani na glavu. Mkilazimika kuizimua asidi kwa kazi nyingine, asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Na jiki ya kufulia isikaribie hapo, ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Tuna transfoma kuukuu ya miaka ya sabini. Fundi wa umeme anaitaka oili yake bure. Nimwachie? (Mtunza ghala, Thika)

Usimwachie kabla ya kuipima. Oili ya transfoma za zamani huweza kuwa na PCB, kemikali isiyooza na inayojikusanya kwenye mafuta ya mwili. Chini ya Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya ni mwanachama wake, vifaa vyenye PCB vilipewa mpaka 2025 kuacha kutumika, na taka zake mpaka 2028 kushughulikiwa. Mpaka wa kuhesabiwa kuwa na PCB ni sehemu 50 kwa kila sehemu milioni za oili. Na usimwulize fundi anaitakia nini: nchini mwetu oili ya transfoma imewahi kuripotiwa ikiibwa na kuuziwa wakaanga chipsi. Chukua sampuli ya chupa ndogo uipeleke maabara. Mpaka majibu yarudi, transfoma ikae imefungwa, na trei ya chuma chini yake.