Kabla ya Kufungua Redio: Majibu kwa Mafundi Wachanga wa Mawasiliano ya Jeshi

Ninahudumia redio katika kambi ya mafunzo. Kikosi kikishuka nyuma ya kilima, mawasiliano ya VHF (redio za masafa ya juu sana) hukatika. Je, niombe mitambo yenye nguvu zaidi?

Hapana. Redio hizo, ambazo aghalabu hutumia masafa ya 30 hadi 88 MHz, zinahitaji njia iliyo wazi kati ya antena na antena, na kilima kikishaiziba, ukiongeza nguvu kutoka wati 25 hadi wati 50 utapata nyongeza ndogo ya desibeli 3 tu (kipimo cha nguvu ya mawimbi). Pandisha antena kwenye mlingoti, au weka kituo cha kupokezana ujumbe kileleni. Penye mabonde mengi tumia HF (redio za masafa ya chini kuliko VHF) na antena ya waya iliyotandazwa karibu na ardhi, ili mawimbi yapande karibu wima na kurudishwa na tabaka za juu za anga. Usiku shuka kwenye masafa ya chini kuliko ya mchana. Lakini kwanza kagua kebo na konekta zake, kwa kuwa redio nyingi zinazoletwa karakana zikiwa na kikaratasi cha "mbovu" ni nzima kabisa.

Redio imezima ghafla. Niifungue?

Usiifungue. Badilisha betri, kisha kebo, kisha antena, kimoja baada ya kingine, ukiandika kila hatua daftarini. Swali hili huletwa kila mara bila kutaja aina ya redio wala kilichokwisha kujaribiwa, na kwa hali hiyo hakuna fundi awezaye kukusaidia. Wala usibonyeze kitufe cha kurusha ukiwa umechomoa antena, maana hapo ndipo redio isiyo na hitilafu inaweza kuungua.

Nipo Fort Irwin, California, kwenye vifaa vya leza vya MILES, mfumo wa mazoezi ya kupigana bila risasi za kweli. Askari wanalalamika kwamba wanapiga lakini adui hahesabiwi kufa.

Leza iliyofungwa kwenye mtutu hufyatuliwa na risasi ya mazoezi isiyo na kichwa, na vihisi vya kifuani na vya kwenye kofia ya mpigwaji ndivyo vinavyopokea mwale. Leza ikifungwa upya bila kulinganishwa na ulengaji wa bunduki ileile, askari atalenga kifua na mwale utapita pembeni. Kwa hiyo simama naye hadi amalize kuilinganisha. Vumbi la jangwa la Mojave nalo hufunika lenzi na vihisi, hivyo vifute kwa kitambaa laini kila asubuhi, na upime betri za vizibao kabla ya kuzigawa. Kuna jambo ambalo hukuliuliza: majani huzuia leza pale ambapo risasi ya kweli ingepenya. Mweleze mkufunzi waziwazi, kwa sababu askari anayezoea kujificha nyuma ya kichaka akidhani ni kinga, atauawa vitani kwa mazoea tuliyompa sisi.

Je, miale hiyo hudhuru macho?

Vifaa hivyo vimetengenezwa kwa kiwango salama kwa jicho tupu. Hata hivyo usiitazame leza kwa darubini ukiwa karibu, kwani mwale wa infraredi hauonekani na kwa hiyo hutapepesa jicho kujikinga.

Betri za BA-5590 na BB-2590 zina umbo moja. Naweza kuzichaji pamoja?

Hapana, hata kidogo! Katika majina ya jeshi la Marekani, BB huchajiwa na BA hutumika mara moja tu. BA-5590 ni ya lithiamu na ikichajiwa inaweza kupasuka na kutoa gesi ya sumu. Zitenge katika makabati mawili, na usimwachie chaja mtu asiyesoma maandishi ya ubavuni.

Naweza kupiga picha mitambo niwaonyeshe ndugu nyumbani?

Usipige. Kioo cha redio huonyesha masafa, na simu huhifadhi mahali na saa ya picha. Waeleze kazi yako kwa maneno, na simu uiache nje ya karakana.