Maswali na Majibu: Hati Safi, Kilula Kikavu

Juni inakaribia, mwaka wa fedha unafungwa, na sanduku langu limejaa barua za maofisa mipango, madiwani na wanafunzi. Nimechagua kumi. Walioomba niwaandikie ripoti zao wanisamehe, nimestaafu.

Naomba unieleze tofauti kati ya ufuatiliaji na tathmini. (Mwanafunzi, Dodoma)

Ufuatiliaji unauliza kila mwezi kama mawe yamefika na fundi yupo. Tathmini inauliza baadaye jengo limembadilishia nani maisha. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi mno. Atakayelileta tena nitamwelekeza kwenye jibu hili, na sitatumia maneno mazuri.

Halmashauri yetu imepata hati safi mfululizo, lakini zahanati ya kata yangu ilikamilika na haina mhudumu. Mkaguzi haoni? (Diwani, Tabora)

Mheshimiwa, mkaguzi anaona, ila hati safi haikuundwa kukuambia hilo. Ni maoni yake kuhusu vitabu vya hesabu, kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa viwango na zinaonyesha hali halisi ya fedha. Pesa ziliingia, zikanunua saruji, nondo na bati, stakabadhi zipo, kamati ya mapokezi imesaini. Hati inatoka. Mlango wa zahanati ukiwa na kufuli mwaka mzima, kufuli hilo halina mstari kwenye taarifa ya fedha.

Kinachonikera ni sherehe. Nimehudhuria kikao ambacho hati safi ilikatiwa keki, na siku hiyohiyo maboma mawili ya maabara yalikuwa yameishia kwenye lenta kwa mwaka wa tatu.

Ofisi hiyohiyo ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hutoa ripoti za aina nyingine, za ukaguzi wa ufanisi. Hizo ndizo zinazouliza kama fedha zilileta kilichokusudiwa. Kila Aprili, ripoti zikishafika bungeni, nchi nzima inagombania kurasa za upotevu na ubadhirifu, na hizi zinabaki rafu moja na kalenda za mwaka jana. Zitafute, uingie nazo kwenye baraza la madiwani. Usisubiri Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa ikusaidie: mpaka inamwita mkurugenzi wenu kujibu hoja, aliyezizalisha hoja hizo huenda ameshahamishiwa mkoa mwingine, na aliyekaa kwenye kiti ataanza na "mimi nimefika juzi."

Nimepewa wiki tatu kutathmini mradi wa maji uliokamilika mwaka 2013 chini ya ule mpango wa vijiji kumi kwa kila halmashauri. Takwimu za hali ya awali hakuna. Bosi anataka niandike "mafanikio makubwa". Nifanyeje? (Afisa mipango, kanda ya kati)

Pole. Kiti hicho nimekikalia.

Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji, iliyozaa mpango huo wa vijiji kumi, ilianza mwaka 2007 ikiwa na fedha nyingi na haraka nyingi. Kupima hali ya kijiji kabla ya kuchimba kulionekana kama kuchelewesha maji. Wala si dhambi ya kizazi hicho peke yake. Baada ya madaraka mikoani ya mwaka 1972, mikoa iligawiwa wafadhili kama mashamba ya urithi: Wajerumani Tanga, Wafini Mtwara na Lindi, Wajapani Kilimanjaro. Kila mmoja alikuja na magari yake na namna yake ya kuhesabu, na ripoti zikaandikwa kwa lugha ambayo mwenyekiti wa kijiji hakuweza kuisoma. Mfadhili akiondoka, kumbukumbu inaondoka naye, na anayefuata anaanza upya kama vile hapo hapajawahi kuchimbwa kisima.

Hata hivyo hali ya awali haijapotea yote, imetawanyika tu. Sensa ya mwaka 2012 iliuliza kaya zinapata wapi maji ya kunywa. Miaka hiyohiyo Wizara ya Maji ilihesabu vituo vya kuchotea maji vijijini nchi nzima na kuandika kipi kinatoa maji na kipi kimekufa. Karibu vinne katika kila kumi vilikuwa havifanyi kazi. Tafuta orodha ya wilaya yako. Nenda zahanati ukaombe rejista za MTUHA, yale madaftari ya kuandikia wagonjwa, uhesabu wagonjwa wa kuhara mwezi kwa mwezi. Mwalimu mkuu akiwa na daftari za mahudhurio za zamani, kaa naye, leta soda.

Halafu tafuta kijiji jirani kilichoomba maji kikakosa. Bila hicho, kila kizuri utakachokuta utakipa mradi sifa, hata kama kimeletwa na bei ya alizeti. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, walilifanya hili kwa adabu. Walipojaribu kulipa ruzuku kwa kaya maskini kupitia jamii zenyewe huko Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, vijiji 80 viligawanywa kwa bahati nasibu: 40 vikaanza kulipwa mwaka 2010, 40 vikasubiri. Ndiyo maana baadaye waliweza kusema kwamba waliolipwa walijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii na wakaongeza mifugo, wala hakuna aliyesimama kudai ni mvua nzuri, kwa sababu mvua haikuchagua vijiji.

Ukiuliza watu wakumbuke, usiulize "mwaka 2010 mlichota wapi?" Utapewa jibu la kukuridhisha. Muulize mama, "Ulipokuwa unamnyonyesha huyu mkubwa, ulitoka saa ngapi kwenda kisimani?" Saa kumi alfajiri haisahauliki.

La mwisho ni msimu, na hapa nilishaumia mwenyewe. Nikiwa kijana kazini nilitembelea mradi wa pampu ya dizeli mwezi wa tisa. Vilula vyote vinatoa maji, foleni ndefu, fedha za ndoo zinakusanywa kwenye kopo la maziwa. Nikaandika ripoti tamu. Nikarudi mwaka uliofuata mwezi wa tano, kimya. Mvua ikinyesha watu huchota madimbwini bure, kopo linakauka, na likikauka hakuna dizeli wala mshahara wa mlinzi. Kiangazi kinaanza mradi hauna hata senti ya kuwasha mashine, na mwaka ule pampu ilikuwa imekaa bila kuguswa mpaka ikagoma. Hakuna aliyeiba kitu. Nilikuwa nimepima mwezi mmoja nikauita mradi. Kwa hiyo nenda sasa, na umlazimishe bosi akulipie safari nyingine Oktoba.

Kuhusu "mafanikio makubwa": ukurasa wa kwanza weka idadi ya vilula vilivyojengwa, vinavyotoa maji leo, na siku ambazo havikutoa mwezi uliopita. Sifa ziweke ukurasa wa pili. Viongozi wengi hawafiki huko.

Nitumie mfano wa bango kitita (jedwali la malengo na viashiria, yaani vipimo vyake) la mradi wowote nibadilishe majina. (Hakutaja alipo)

Hapana. Nimewahi kusoma bango kitita la mradi wa ufugaji nyuki lenye kiashiria cha idadi ya boti.

Mwenge wa Uhuru ulikataa kuzindua mradi wetu wa barabara. Hiyo si tathmini tosha? (Mkazi, Geita)

Mwenge unakimbizwa tangu mwaka 1964, na siku hizi wakimbiza Mwenge wanafungua mafaili, wanagonga zege, wanapima upana kwa futi kamba. Wamefichua madudu ya kweli, siwavunjii heshima. Lakini ni ziara iliyotangazwa na haimalizi saa moja mahali. Rangi inapakwa wiki hiyohiyo, mbio zikipita ngazi inarudi stoo.

Kuna jambo hukuligusa. Miradi ya kuonyeshwa kwa Mwenge inapendekezwa na halmashauri yenyewe. Sasa kama huo ndio waliouchagua kwa kujivunia, nenda kaangalie ambayo hawakuichagua.

Kikundi chetu cha vijana kilirejesha mkopo wote wa halmashauri. Mbona hakuna anayekuja kuuliza kama tumefanikiwa? (Katibu wa kikundi, Morogoro)

Kwa sababu fomu yao ina safu moja tu, marejesho.

Tangu sheria ya mwaka 2018 ilipolazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, mjadala mzima umekuwa nani amelipa na nani amekimbia. Vikundi hewa vilivyoanikwa na Mkaguzi Mkuu vilifanya mikopo isimamishwe mwaka 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, huku halmashauri 10 zikijaribu kupitisha fedha benki. Sawa, mwizi abanwe. Ila kikundi kinaweza kurejesha senti zote kwa kwenda kukopa kausha damu, na kwenye ripoti kikaonekana nyota. Nimemjua mama aliyeuza cherehani alichokopeshewa ili alipe mkopo wa cherehani. Kwenye daftari alikuwa asilimia mia moja.

Andikeni wenyewe ukurasa mmoja: mlikuwa na nini siku ya mkopo, mna nini leo, nani ameacha kikundi na kwa nini. Mpelekeeni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atashtuka.

Nani anatathmini Mfuko wa Jimbo? (Msomaji, Moshi)

Sheria ya mwaka 2009 imemweka mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo wa maendeleo ya jimbo, na mbunge huyohuyo hukaa bungeni kuisimamia serikali. Mkaguzi hukagua hesabu. Kutathmini kama madawati na bati zile zilifika penye shida zaidi, au penye kura zaidi, hakuna aliyepewa kazi hiyo akaipenda. Majirani zetu Kenya waliolianza jambo hili mwaka 2003 wamepelekana mahakamani kwa ajili yake: Mahakama Kuu iliitupa sheria ya mfuko mwaka 2015, ikaandikwa nyingine, nayo ikatupwa na Mahakama Kuu mwaka 2024. Sisi hatujafika hata kwenye kuuliza.

Halmashauri imegawa vishikwambi kwa watendaji wa kata. Ufuatiliaji utaboreka? (Mtendaji, Pwani)

Utaongeza kasi. Taarifa ya uongo iliyochukua siku nne kufika mkoani itafika kwa dakika nne. Dai kila picha ije na tarehe na alama ya mahali ilipopigwa, na mtu mmoja mwenye pikipiki na mafuta aende kuhakiki moja katika kila kumi bila kuaga. Bajeti ya vishikwambi huwa ipo. Ya mafuta ndiyo hukatwa.

Wewe unaponda kila kitu. Madarasa ya fedha za UVIKO je? (Mzazi, Mbeya)

Sijaponda. Oktoba 2021 yalizinduliwa matumizi ya Sh trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na humo ndani kulikuwa na vyumba vya madarasa 15,000. Vikasimama ndani ya miezi michache, na watoto wakaanza kidato cha kwanza Januari bila kusubiri awamu ya pili. Lengo lilikuwa moja, tarehe moja, fedha zilifika kwa wakati, na mzazi yeyote aliweza kuhesabu. Kumbe tunaweza.

Lakini ulipimwa mradi wa vyumba ukafaulu kwa vyumba. Mimi nasubiri anayepima hisabati humo ndani.

Mimi ni mkulima tu, sijui mambo ya viashiria. Nifuatilieje mradi wa maji unaojengwa kijijini? (Kilosa)

Barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Hudhuria. Usisimame ukauliza "fedha zetu zimekwenda wapi?" Utajibiwa kwa hotuba na mtapiga makofi. Uliza zilipokelewa shilingi ngapi na tarehe gani. Makisio ya vifaa yalisema mifuko mingapi ya saruji na mingapi imepokelewa. Nani walisaini kwenye kamati ya mapokezi. Omba majibu yabandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Uganda, kati ya 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 za ruzuku ya wanafunzi, ni kama 13 tu zilizofika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza kiasi magazetini na kukibandika shuleni, na kilichofika kikapanda sana. Wataalamu wanabishana mpaka leo ni kiasi gani kilitokana na matangazo hayo. Wabishane, wewe bandika.

Na mapema hii uliza nani atanunua kipuri mwaka wa tatu, kwa fedha ipi. Fundi akicheka, andika jina lake.

Kisha niandikie Oktoba, kabla mvua hazijaanza, uniambie vilula vingapi vinatoa maji. Weka namba. Sitaki "vingi".